Kabla ya Kufika Kituoni

Kituo cha Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, kina jambo moja ambalo daladala haijawahi kuwa nalo: sakafu yake iko usawa mmoja na sakafu ya basi. Mlango ukifunguka, mwenye kiti cha magurudumu anajisukuma mwenyewe hadi ndani. Habebwi mgongoni, hatafuti vijana wa kumshika huku na huku, wala hasikii konda akinung'unika kwamba kiti kitakula nafasi ya abiria wawili. Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016 katika njia ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Dar es Salaam ilipopewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, sakafu ile ilistahili sehemu yake ya sifa.

Kazi yangu ni kukagua majengo na barabara kwa kumfikiria mtumiaji mwenye ulemavu, na swali ninaloanza nalo ni la kabla ya hapo. Huyo mwenye kiti alifikaje kituoni?

Tumchukue mkazi wa Kimara. Nyumba nyingi za huko ziko kwenye miinuko na mabonde ya nyuma ya Barabara ya Morogoro. Anatoka mlangoni, anakuta kijia cha udongo ambacho kila masika mvua inakichimba upya. Akifika barabara ya mtaa anakutana na mtaro, na juu ya mtaro kuna bamba la zege lililovunjika upande mmoja. Halafu kingo ya barabara. Halafu inabidi avuke magari, kwa kuwa kituo kiko katikati ya barabara. Akishavuka salama ndipo anaikuta njia ya kupandia, kisha dirisha la tiketi ambalo pengine liko juu ya kichwa chake, kisha geti la mikono inayozunguka, ambalo halipitishi kiti hata kikiwa chembamba. Lazima pawe na geti pana pembeni, na pawe na mtu mwenye ufunguo wake.

Sasa angalia wenye vipande hivyo. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara ya mtaa ni ya TARURA. Kituo kiko chini ya Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Nguzo iliyosimama katikati ya njia ya miguu ni ya TANESCO, shimo la bomba ni la DAWASA, na meza za wafanyabiashara pembeni ni suala la manispaa. Kila taasisi inaweza kufanya kazi yake vizuri, ikakabidhiwa na kusainiwa, na bado safari ya mtu huyu ikashindikana. Kamba hukatikia pabovu, na katika miji yetu pabovu ni pale kazi ya taasisi moja inapokomea kabla ya kazi ya mwenzake kuanza. Hapo katikati hapana mkandarasi, hapana bajeti, na hapana wa kupigiwa simu.

Ndiyo maana sivutiwi sana na takwimu za majengo mangapi yamewekewa njia ya mteremko. Isitoshe, nyingi kati ya njia hizo hazipandiki.

Hili linahitaji hesabu kidogo. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia yake inatakiwa iwe na urefu wa karibu mita tano na nusu, mbali na sehemu bapa za kusimamia juu na chini. Fundi aliyeachiwa mita mbili tu mbele ya mlango atafanyaje? Atamwaga zege kwenye mita mbili alizonazo. Bosi ataona kuna njia, mpiga picha ataipiga picha, na mwenye kiti ataitazama akiwa chini.

Chukua mtu ambaye yeye na kiti chake wana uzito wa kilo 90. Katika mteremko wa moja kwa 12, uzito unaomvuta arudi nyuma ni kama kilo saba na nusu, na mikono yake inapambana nao bila kupumzika. Katika moja kwa sita zinakuwa karibu 15. Katika moja kwa nne, kipimo ninachokikuta mbele ya milango mingi ya zahanati na maduka ya dawa, zinakaribia 22, na hapo hatari imeshavuka uchovu: magurudumu ya mbele yananyanyuka na mtu anaanguka kwa kisogo. Msaidizi anayemsukuma kutoka nyuma ndiye anayeangukiwa.

Huhitaji mhandisi ili kugundua mteremko mbovu. Tafuta pima maji ya sentimita 120, ilaze juu ya mteremko, inyanyue ncha ya upande wa chini mpaka povu likae katikati, kisha weka futi kamba kati ya ncha hiyo na sakafu. Ukisoma sentimita 10 au pungufu, kazi ni nzuri. Ukisoma 20 au 30, mjengaji alikuwa anajenga njia ya toroli la saruji. Angalia pia kama njia imelala upande. Mafundi huipa ulalo ili maji yasituame, na ni sawa, lakini ulalo ukizidi sentimita mbili katika mita moja, kiti kinavutwa kuelekea mtaroni muda wote, na mwenye kiti anatumia mkono mmoja kwenda mbele na mwingine kujizuia asipotoke.

Vipimo tulivyorithi vina kasoro yao pia. Vingi vilipimwa kwa kiti cha magurudumu cha hospitali, kile kinachoweza kugeuka ndani ya duara la mita moja na nusu. Mitaani kwetu wengi wanatumia baiskeli ya magurudumu matatu inayokanyagwa kwa mikono, maana ndiyo inayohimili mashimo na mwendo mrefu. Baiskeli hiyo ni ndefu na pana kuliko kiti, na haigeuki mahali padogo. Manispaa ikipanga nguzo fupi kuzuia bodaboda zisipande njia ya miguu, na ikaziachia nafasi inayotosha kiti tu, imemzuia mwenye baiskeli ya mikono pamoja na bodaboda. Bodaboda, kwa kweli, itapata pa kupenya.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipita haraka: mahitaji ya watu wenye ulemavu tofauti hugongana. Mwenye kiti anataka kingo ishushwe mpaka iwe sawa na lami. Asiyeona anatembea kwa fimbo nyeupe, na kingo ndiyo inayomwambia kwamba njia ya miguu imekwisha, hatua inayofuata ni magari. Ukimshushia mwenzake kingo bila kuongeza kitu, umemfungulia yeye mlango wa barabarani.

Dawa ya mgongano huo ilipatikana Japani. Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 kigae chenye vinundu vinavyohisiwa kwa unyayo na kwa fimbo, na mwaka 1967 vigae hivyo vikawekwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Baadaye vikawa vya aina mbili. Vyenye mistari mirefu vinasema fuata huku. Vyenye vinundu vya duara vinasema simama, kuna kitu mbele. Ni lugha yenye maneno mawili tu, lakini ukiyakosea umempotosha mtu vibaya. Nimeona, katika zaidi ya mji mmoja, vigae vya mistari vikiishia kwenye nguzo ya taa, na vya vinundu vikitandazwa uwanja mzima kwa sababu rangi yake ya njano inapendeza. Aliyevipanga alidhani ni urembo, na hakuna aliyemweleza vinginevyo.

Nimelaumu daladala hapo mwanzo, haki itendeke. Kwa asiyeona, daladala ina huduma ambayo basi la kisasa halina, nayo ni konda. Asubuhi nzima anatangaza basi linakokwenda, anaita jina la kituo kabla ya kufika, na ukimwambia "nishushe hospitali" anakushusha, tena mara nyingi anakushika mkono. Hakuna mpango wa jiji uliowahi kuiandika sauti hiyo kuwa huduma, kwa hiyo ilipoondoka hakuna aliyeandika kwamba imeondoka. Mlangoni mwa basi la Mwendokasi hakuna anayeita. Mabasi ya njia tofauti yanasimama kwenye kituo kimoja, na jina la njia limeandikwa juu ya kioo cha mbele. Asiyeona anaanza kuuliza watu: hili la wapi? Ndiyo maana kipaza sauti ndani ya basi na kituoni ni sehemu ya lazima ya usafiri, kama breki. Kikiharibika, basi limeharibika.

Kwa kiziwi mambo yamegeuka. Daladala inamtaka aseme "shusha!" kwa sauti ishindane na muziki, na asiyeweza hugonga bodi au kumgusa konda akitumaini ataelewa. Kituo kinachoeleweka kwa macho, chenye maandishi makubwa na ramani ya njia, kinamfaa kuliko kelele zote. Shida yake inaanza pale utaratibu unapobadilika ghafla. Bonde la Jangwani, ambalo njia ya Mwendokasi inalivuka, likifurika, mabasi hukatishwa njia, na taarifa hutolewa kwa mdomo. Wote wanashuka, yeye anabaki anatazama nyuso za watu. Ubao mmoja na chaki vingetosha.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na mwaka uliofuata ikatunga sheria yake. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja kwa pamoja majengo, usafiri na habari, kwa maana kwamba kipaza sauti kina uzito sawa na zege. Kenya ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2003, iliyowapa wenye magari ya abiria miaka miwili kuyarekebisha na wenye majengo ya umma miaka mitano. Mwaka 2025 ikatunga mpya. Anayepanda matatu Nairobi leo anajua kwamba ngazi za mlangoni hazikusubiri sheria wala kuiogopa. Sheria ile ilimwona mwenye gari mmoja mmoja na mwenye jengo mmoja mmoja. Njia ya kutoka kwenye jengo hadi kwenye gari haina mwenyewe wa kushtakiwa.

Wapo watakaosema tunaongelea watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani karibu mmoja katika kila sita. Ongeza wazee, wajawazito, na kila mwenye mguu uliofungwa hogo baada ya ajali ya bodaboda, kisha hesabu upya.

Ningepewa nafasi ya kushauri jiji lolote la pwani yetu jambo moja, lingekuwa kubadilisha kinachokabidhiwa. Leo mkandarasi anakabidhi barabara, au kituo, au jengo. Napendekeza akabidhi safari. Chora duara la mita 500 kuzunguka kila kituo, shule na hospitali. Kila taasisi iliyo ndani ya duara itie saini ramani moja, na mmoja wao, nadhani manispaa, awe mwenye namba ya simu ya kupigiwa bamba la mtaro linapovunjika. Kulitengeneza bamba ni kazi ya nusu siku. Kujua ni kazi ya nani ndiko kunakochukua miezi.

Kabla ya saini hiyo, njia ipitwe na watu watatu angalau: mwenye baiskeli ya mikono, mwenye fimbo nyeupe, na kiziwi, kila mmoja peke yake, kutoka barabara ya mtaa hadi ndani ya basi na kurudi. Wapite wakati kazi ikiwa bado kwenye ramani na chokaa, pale ambapo kosa linasahihishwa kwa kifutio, wapite tena kabla ya makabidhiano, na tena kabla kipindi cha matazamio hakijaisha, mkandarasi akiwa bado anadaiwa marekebisho. Vyama vyao vipo, SHIVYAWATA ikiwa mwavuli wake, na watu wenye uwezo wa kazi hii hawakosekani.

Lakini walipwe. Mara nyingi huitwa siku moja kabla ya uzinduzi, wanapewa nauli na soda, wanapigwa picha, na maoni yao yanaandikwa baada ya zege kukauka. Mshauri mwelekezi ana mstari wake katika jedwali la gharama za mradi, na mpima udongo ana wake. Mtu anayejua kwa mikono yake tofauti kati ya sentimita 10 na 20 chini ya pima maji ni mtaalamu kama hao, na malipo yake yaandikwe katika jedwali hilohilo kabla zabuni haijatangazwa.