Kuhariri Maelezo ya Jenomu ya Mbaazi Ukiwa Bonga: Faili, Seva au Galaxy?

Programu zenyewe ni bure. Apollo, inayowawezesha watu kadhaa kuhariri maelezo ya jeni za jenomu moja kwa wakati mmoja kwenye kivinjari, haina leseni ya kulipia. Artemis ya Taasisi ya Sanger, Uingereza, vivyo hivyo. Kwa mtafiti aliyeko Bonga, Babati, gharama inatokea kwenye bando na kwenye mashine inayotunza data.

Tuchukue mbaazi, zao ambalo Babati inalijua vizuri. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2012: herufi kama milioni 606 zilizounganishwa, kati ya milioni 833 zinazokadiriwa, na jeni 48,680 zilizobashiriwa na kompyuta. Ubashiri huo ndio unaohitaji jicho la mtu.

Ukiwa peke yako, Artemis kwenye laptopu inatosha. Unapakua jenomu mara moja, MB 600 hivi, au kama theluthi yake ikiwa imebanwa, kisha unafanya kazi hata mtandao ukikata. Fungua kromosomu moja moja (zipo 11), la sivyo mashine itaganda. Shida huanza mkiwa wawili. Wewe umerefusha jeni, mwenzako aliyeko Arusha ameifupisha, na kila mmoja ana faili aliloliita "mwisho_kabisa". Kuyaoanisha kunakula siku nzima, na siku ya mtafiti ina bei.

Kukodi seva na kuweka Apollo yenu kunaondoa ugomvi huo. DigitalOcean imekuwa ikitoza dola 48 kwa mwezi kwa seva yenye kumbukumbu ya GB 8, yaani dola 576 kwa mwaka, kabla hujamlipa fundi wa kuitunza. Huyo fundi bajeti nyingi humsahau. Chuo chenye miradi inayofuatana kitaimudu. Kwa mradi wa miezi sita, mimi nisingeigusa.

Ningeanza na Galaxy ya Ulaya, seva ya pamoja ya watafiti. Kujisajili ni bure na Apollo imeunganishwa humo. Jenomu huipandishi kutoka Bonga: unabandika anwani yake, seva inaivuta yenyewe kutoka hifadhi ya NCBI, bando lako haliguswi. Kivinjari nacho huleta kile kipande unachokitazama tu. Unakamata ukingo wa eksoni kwa kipanya, unausogeza hadi penye GT, herufi zinazoonyesha eksoni inapoishia, alama ya onyo inaondoka, na mwenzako analiona badiliko hapo hapo. Historia ya jeni inaonyesha nani kafanya nini. Umeme ukikatika, marekebisho yako yamekwisha kuhifadhiwa huko.

Lakini seva si yenu: kuna foleni, na masharti yanaweza kubadilika. Kwa hiyo shusheni GFF3 ya marekebisho yenu kila wiki. Ni faili la maandishi tu. Hata bando la siku linalimudu.