Kwa Nini Ndovu Wengine Hawaoti Pembe

Sisi tuliopita chuoni tulimjua ndovu kwa Suratul-Fil kabla ya kumwona hata kwa picha, na tulipomchora ubaoni hatukusahau mkonga wala pembe. Basi vijana wetu waliozaliwa ugenini watastaajabu kusikia kwamba wako ndovu wa Afrika wasio na pembe maisha yao yote. Hazikukatwa wala hazikuvunjika, hazikuota kabisa.

Kwanza jina lenyewe. Tunasema pembe kwa mazoea, lakini si pembe kama ya ng'ombe. Ni jino, na Waarabu wamelenga zaidi waliposema sinn al-fil. Ni jino la juu la mbele, lile linalofuata la katikati, ambalo kwa ndovu huendelea kukua umri wake wote. Kwa jino hilo huchimba maji katika mito mikavu na kubandua magome ya miti.

Kwa jino hilo pia watu walitajirika, na hapo sisi watu wa pwani hatuwezi kujitoa. Katika karne ya 19 pembe zilibebwa na wapagazi, na wengine watumwa, kutoka Tabora na Ujiji mpaka Bagamoyo, zikavushwa Unguja, kisha zikaenda Bombay kuwa bangili, na Ulaya na Marekani kuwa vibao vya vinanda. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ni mmoja tu wa waliotajirika kwa biashara hiyo. Nyumba yake iko Shangani.

Lakini mahali ilipochunguzwa vizuri habari ya ndovu wasio na pembe ni Msumbiji, katika mbuga ya Gorongosa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu huko tangu 1977 hata 1992. Wapiganaji wa pande zote mbili waliwaua ndovu, nyama wakala, pembe wakauza. Mwaka 1972 ndovu walikuwa zaidi ya 2,500. Mwaka 2000 hawakufika 250. Kabla ya vita, katika kila majike 100, wasio na pembe walikuwa 18 au 19. Baada ya vita walikuwa 51.

Wako wasemao kwamba ndovu walipata akili, wakaacha kuota pembe ili wasiuawe. Maneno hayo yanapendeza barazani, lakini hakuna ndovu hata mmoja aliyebadilika. Wenye pembe waliuawa zaidi, wasio nazo wakasalia kwa wingi, wakazaa, na mabinti wakarithi kwa mama zao.

Mabinti, nasema, kwani huko Gorongosa dume asiye na pembe hakuonekana. Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 2021, Shane Campbell-Staton na wenzake walipotoa uchunguzi wao katika jarida la Science. Jike, kama mwanamke, ana kromosomu X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Hitilafu inayozuia pembe imo katika X. Jike mwenye X moja yenye hitilafu huokolewa na ile ya pili: hukosa pembe, lakini anaishi. Dume hana ya pili, na akirithi yenye hitilafu hufa kabla ya kuzaliwa. Wataalamu wanaituhumu sehemu moja iitwayo AMELX, inayohusika na kuumbika kwa jino. Kwa binadamu pia iko hitilafu mahali hapo: kwa wanawake hudhoofisha meno hayohayo ya juu, na mimba za kiume huharibika.

Kwa hiyo mama asiye na pembe aliponea risasi, lakini karibu nusu ya watoto wake wa kiume hawazaliwi hai. Ndiyo sababu katika watoto watatu wa mama kama huyo, wawili huwa wa kike. Kundi linalotaka kuongezeka baada ya msiba linazaa pungufu.

Ama mabinti waliozaliwa Gorongosa baada ya vita, wasio na pembe ni kama 33 katika kila 100. Ni wengi kuliko zamani, lakini ni wachache kuliko wale majike 51 waliosalimika.