Kudurusu mada ya kasi: Mwalimu atoe darasa uwanjani

MWANAFUNZI wa fizikia aweza kukariri kwamba kasi ni umbali ukigawanywa kwa muda, akapata jibu sahihi, na bado ashindwe kusoma grafu. Wengi wakiona mstari unaopanda katika grafu ya umbali na muda hudhani msafiri anakwea mlima.

Kosa hilo haliondoki kwa kuandika kanuni ubaoni mara ya kumi. Njia nafuu ni kuwagawa wanafunzi katika makundi ya watu sita na kuwapeleka uwanjani.

Kila kundi lipime mita 20 na kuweka alama kila baada ya mita 5. Mmoja atatembea, wanne wasimame kwenye alama wakiwa na saa, na wa sita anakili matokeo. Saa zote zianzishwe pamoja, kisha kila mmoja asimamishe yake mtembezi anapompita.

Tuseme saa zimeonyesha sekunde 3, 6, 12 na 15. Wastani ni mita 1.3 kwa sekunde, lakini wastani huo unaficha jambo: kati ya alama ya pili na ya tatu mtembezi alipunguza kasi kwa nusu. Kwenye grafu, mstari hapo hulala kidogo.

Sehemu yenye manufaa zaidi huja baadaye. Kila kundi lichore grafu ya kubuni na kulipa kundi jingine liitembee. Mstari ukilala kabisa, mtembezi hana budi kusimama tuli. Ukishuka, arudi alikotoka. Na kundi likichora mstari wima, ubishi utazuka, kwani hakuna awezaye kuwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Mwalimu asiharakishe kuuzima ubishi huo.

Hatimaye warejee kwenye hesabu. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki za London mwaka 2012, yaani takriban mita 7.9 kwa sekunde. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, upeo unaoruhusiwa na sheria, hupita mita 22 kwa sekunde. Ule uwanja wao wa mita 20 ingeumaliza kabla sekunde moja haijatimia.