Sheria za Msingi za Mpira wa Miguu: Mwongozo kwa Wazazi, Walimu na Mashabiki Wapya

Kila mwaka mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari huanzia katika viwanja vya shule, yakapanda ngazi ya kata, wilaya na mkoa hadi taifa. Katika ngazi za chini, mwamuzi huwa ni mwalimu au kijana anayefahamika kijijini, na mashabiki husimama hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni. Katika mazingira hayo, ubishi juu ya bao moja unaweza kugeuka kuwa fujo, mchezo ukavunjika, na watoto waliojiandaa kwa wiki nyingi wakarejea nyumbani bila kumaliza mechi. Mwalimu aliyetukanwa au kufukuzwa uwanjani naye hukataa kuchezesha tena, na michezo ikakosa msimamizi.

Ubishi wa namna hiyo mara nyingi huzuka juu ya mambo machache: mpira kuvuka mstari, kuotea, kunawa mpira na uamuzi wa mwamuzi kuacha mchezo uendelee baada ya rafu. Makala haya yanaeleza mambo hayo pamoja na misamiati ya msingi ya kandanda, ili mzazi, mwalimu au shabiki mpya aweze kufuatilia mchezo kwa uelewa.

Chimbuko la sheria

Sheria za kwanza za pamoja za mchezo huu ziliandikwa London mwaka 1863. Tangu mwaka 1886 zimekuwa zikisimamiwa na bodi ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupi kama IFAB, ambayo huzipitia kila mwaka. Sheria hizo ni 17, na ndizo zinazotumika kwa wanaume na wanawake. Kwa upande wa watoto, vyama vya soka vya nchi vimeruhusiwa kupunguza ukubwa wa uwanja, magoli, uzito wa mpira na muda wa mchezo. Kwa hiyo shule yenye uwanja mdogo haivunji sheria inapocheza katika eneo lililopo.

Uwanja na vifaa

Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, lakini urefu lazima uzidi upana. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Nguzo mbili za goli huunganishwa na mwamba wa juu, ambao watangazaji hupenda kuuita mtambaa panya.

Mbele ya kila goli kuna eneo la penalti, maarufu kwa jina la "kumi na nane". Jina hilo limetokana na kipimo cha zamani cha yadi 18, ambazo ni mita 16.5. Ndani ya eneo hilo mlinda mlango anaruhusiwa kushika mpira kwa mikono, na ndani ya eneo hilohilo rafu ya beki huweza kuzaa penalti. Alama ya kupigia penalti iko mita 11 kutoka goli.

Mpira wa watu wazima ni namba 5, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Watoto wadogo hutumia namba 4 au namba 3. Mchezaji huvaa jezi, kaptura, soksi, viatu na vikinga ugoko. Hereni, pete, mikufu na bangili haviruhusiwi, hata vikifunikwa kwa plasta, kwa kuwa huweza kumjeruhi mvaaji au mwenzake.

Wachezaji na muda

Kila timu huwa na wachezaji 11, mmoja wao akiwa mlinda mlango au golikipa. Mabeki huzuia, viungo huunganisha timu katikati ya uwanja, mawinga hupita pembeni, na washambuliaji hutafuta mabao. Timu ikibaki na wachezaji pungufu ya saba, mchezo hauwezi kuanza wala kuendelea.

Mechi ya watu wazima huchukua dakika 90, yaani vipindi viwili vya dakika 45, na mapumziko yasiyozidi dakika 15. Mwishoni mwa kila kipindi mwamuzi huongeza dakika kufidia muda uliopotea kwa majeruhi, mabadiliko ya wachezaji, ushangiliaji au uchelewesho. Dakika hizo hukadiriwa na mwamuzi peke yake.

Mpira ukivuka mstari

Mistari ni sehemu ya uwanja. Mpira huhesabiwa kuwa umetoka pale tu mzingo wake wote unapovuka mstari wote, uwe chini au hewani. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua bao: ikiwa sehemu ndogo tu ya mpira bado iko juu ya mstari wa goli, hakuna bao. Shabiki aliyesimama katikati ya uwanja hawezi kuona jambo hilo kwa uhakika. Mtu anayeliona vizuri ni yule aliyesimama sambamba na mstari, na kwa sababu hiyo mwamuzi msaidizi hukimbia pembeni akiwa na kibendera.

Mpira ukitoka pembeni, hurushwa na timu ambayo haikuugusa mwisho. Mrushaji hutumia mikono yote miwili, huanzia nyuma ya kichwa na kuupitisha juu yake, huku miguu yote miwili ikiwa imegusa ardhi kwenye mstari au nje yake. Bao haliwezi kufungwa moja kwa moja kwa mpira wa kurusha.

Ukivuka mstari wa goli bila kuwa bao na mshambuliaji ndiye aliyeugusa mwisho, wanaolinda hupewa mpira wa goli kiki. Akiugusa mwisho mlinzi, washambuliaji hupiga kona. Bao lililofungwa moja kwa moja kutoka kwenye kona ni halali.

Kuotea

Hakuna sheria inayozua ubishi kama kuotea. Lengo lake ni kumzuia mshambuliaji asijibanze karibu na goli la wapinzani akisubiri mpira. Ili kuielewa, msomaji ajiulize maswali matatu kwa mfuatano.

Swali la kwanza: mchezaji alikuwa wapi? Yuko katika nafasi ya kuotea ikiwa yumo katika nusu ya uwanja ya wapinzani, yuko karibu zaidi na mstari wao wa goli kuliko mpira, na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida mpinzani wa mwisho ni mlinda mlango na wa pili ni beki, ndiyo maana watu husema "beki wa mwisho". Lakini mlinda mlango akiwa ametoka golini, hesabu hubaki ya wapinzani wawili, wawe nani. Mshambuliaji aliye sambamba na mpinzani huyo wa pili hajaotea. Mikono haihesabiwi katika kipimo hiki.

Swali la pili: ilikuwa lini? Nafasi hupimwa pale mwenzake alipoucheza mpira. Nafasi yake wakati mpira unamfikia haihusiki. Hapa ndipo mashabiki wengi hukosea. Kwa mfano, kiungo anapiga pasi ndefu wakati mshambuliaji namba 9 yuko sambamba na beki. Mpira ukiwa hewani, namba 9 anakimbia na kumwacha beki mita tano nyuma, kisha anafunga. Shabiki aliyeangalia mwisho wa tukio humwona peke yake mbele ya goli na kupiga kelele kuwa ameotea, ilhali bao ni halali.

Swali la tatu: alishiriki katika mchezo? Kusimama tu katika nafasi ya kuotea si kosa. Linakuwa kosa akicheza mpira, akimzuia mpinzani kuucheza au kuuona, au akinufaika na mpira uliogonga mwamba au kuokolewa na mlinda mlango. Adhabu yake ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.

Hakuna kuotea kwa mchezaji anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, kona au mpira wa kurusha.

Kunawa mpira

Si kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Mwamuzi hutazama kama mchezaji ameugusa kwa makusudi, au kama ameutanua mwili wake kwa kuweka mkono mahali pasipo pa kawaida kwa mwendo aliokuwa nao. Mpira uliomgonga beki mkononi huku mkono ukiwa umebana ubavuni kwa kawaida huachwa. Hata hivyo, bao lililofungwa na mchezaji kwa mkono wake hukataliwa, hata kama hakukusudia. Bega, hadi usawa wa chini ya kwapa, halihesabiwi kuwa mkono.

Mlinda mlango naye ana mipaka. Haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake amempigia kwa mguu kwa makusudi. Aidha, tangu Julai 2025, anayeng'ang'ania mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane huwapa wapinzani kona. Awali muda ulikuwa sekunde sita na adhabu ilikuwa tofauti, hivyo wasimamizi waliosoma kanuni za zamani wanapaswa kulizingatia hili.

Rafu, adhabu na kadi

Kupiga teke, kukwatua, kusukuma, kumshika mpinzani au kunawa mpira huadhibiwa kwa mpira wa adhabu wa moja kwa moja, ambao waweza kupigwa golini na bao likahesabiwa. Kosa kama hilo likifanywa na mlinzi ndani ya eneo lake la penalti, huwa penalti. Katika mpira usio wa moja kwa moja, mwamuzi huinua mkono juu, na bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mchezaji mwingine. Wapinzani hukaa angalau mita 9.15 kutoka mpira.

Uzito wa rafu una ngazi tatu. Aliyecheza kwa kukosa uangalifu huadhibiwa bila kadi. Aliyepuuza hatari kwa mpinzani hupewa kadi ya njano. Aliyetumia nguvu kupita kiasi na kuhatarisha usalama wa mwenzake hupewa kadi nyekundu. Kadi ya njano hutolewa pia kwa kubishana na mwamuzi au kuchelewesha mchezo; nyekundu hutolewa kwa kupigana, kutema mate au kutukana. Kadi mbili za njano huzaa nyekundu, na timu hubaki pungufu.

Wakati mwingine mwamuzi huona rafu lakini hapulizi kipyenga. Hunyoosha mikono mbele na kuacha mchezo uendelee, kwa kuwa timu iliyochezewa rafu bado ina nafasi nzuri. Hiyo huitwa faida. Nafasi hiyo ikipotea ndani ya sekunde chache, anaweza kurudi kwenye kosa la awali, na kadi aweza kuitoa mpira utakaposimama.

Usalama wa wachezaji

Mchezaji akigongwa kichwani kisha akaonekana kuchanganyikiwa, kutapika, kupoteza kumbukumbu au kuzimia, aondolewe mchezoni, asirejeshwe siku hiyo hata akisema amepona, na afikishwe zahanati au kituo cha afya. Magoli ya kuhamishika yafungwe imara ardhini kabla ya mechi na mazoezi, na watoto wakatazwe kuning'inia kwenye mwamba, kwani goli likianguka huweza kuua. Radi zikianza kupiga, mchezo usimamishwe na wote waingie ndani ya jengo, wala wasikimbilie chini ya miti.

Wajibu wa wananchi

Uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo, likiwemo bao, ni wa mwisho. Timu yenye malalamiko huyawasilisha kwa wasimamizi wa mashindano kupitia nahodha au kiongozi wake, kwa utaratibu uliowekwa. Wazazi wanaombwa kukaa nyuma ya mstari na kutoa maelekezo kwa lugha ya staha, kwani mtoto huiga yale anayoyaona pembeni ya uwanja.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Wapo watoto wa wilayani ambao hamasa hiyo itawavuta uwanjani kwa mara ya kwanza, wavulana kwa wasichana, na watamhitaji mtu mzima wa kuwachezesha. Mwalimu, mzazi au kijana anayetaka kujifunza uamuzi au kuanzisha timu ya mtaa anashauriwa kufika kwa Afisa Utamaduni, Sanaa na Michezo katika ofisi za Halmashauri, au kuanzia kwa Afisa Mtendaji wa Kata yake.