Makombo, Taka na Mboji

Neno taka limetwishwa mzigo mzito. Ganda la ndizi, wali uliochacha, chupa iliyovunjika na mfuko wa plastiki, vyote huitwa taka, navyo hutupwa katika pipa moja.

Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, ambako taasisi ya Nipe Fagio ilisaidia kuanzisha ushirika wa wakusanya taka, kaya zilifundishwa kutenganisha taka kabla ya mkusanyaji kupita. Hapo ndipo istilahi inapopimwa.

Makombo ni chakula kilichosazwa na walaji. Hayajumuishi maganda ya muhogo wala mashina ya mchicha. Taka zinazooza, kwa upande mwingine, ni jina pana mno, kwani hata ubao huoza. Twapendekeza mabaki ya chakula, yaani chakula na sehemu zake zote ziondolewazo jikoni au mezani.

Kipatikanacho tukiite mboji. Samadi ni kinyesi cha mifugo, na mbolea ni jina la jumla linalochukua hata ile ya viwandani. Kitendo chenyewe ni kuvundika, neno alijualo kila mwenye kuvundika ndizi. Ila lundo la mboji hupinduliwa lipate hewa, lisije likanuka.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Jina lisipokuwa wazi, kipande cha chupa huingia katika mboji, na mwisho wake humkata mkulima mkono.