Nitumie ID Yako, Mbele na Nyuma

Saa tisa usiku hapa Minneapolis, simu ilitetema juu ya stuli. Ujumbe ulitoka kwa mpwa wangu wa Kangemi: "Anti, umelala? Niko saiba. Naomba picha ya ID yako, mbele na nyuma. Ni ya HELB."

Mtu aliyekaa ughaibuni miaka mingi akiombwa kitambulisho usiku wa manane hufikiria matapeli kabla ya kufikiria jamaa. Nikampigia video. Ni yeye kweli. Nyuma yake mashine ya fotokopi ilikuwa inakoroma, na shuka jeupe lilikuwa limebanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Hiyo ndiyo studio ya picha za pasipoti. Juu ya meza alikuwa na bahasha ya kaki iliyovimba: slipu ya matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule, nakala za vitambulisho vya baba na mama, fomu ya uchunguzi wa afya ambayo bado haina muhuri wa daktari. Kwao huko ilikuwa saa tano asubuhi na alikuwa ameshakunywa soda mbili akisubiri mtandao urudi.

Ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma sheria. Nambari yake ya usajili inaanza na G34. Waliopita pale wanajua: G34 ni sheria, D33 ni biashara, na hata mtu akizeeka huzitaja herufi hizo kama anavyotaja kijiji alikozaliwa. Baba yake, kaka yangu, ameichapisha ile barua nakala sita.

Asubuhi yake nilizungumza na wenzangu wawili wa hapa, na wote walikuwa wameombwa kitu kama hicho: mmoja nakala ya ID, mwingine hela ya godoro na "za fomu". Wote walinung'unika. Nadhani tunanung'unika kwa sababu hatukumbuki jambo hili lilivyofika hapa. Barua ya kuitwa chuoni ina jina la mtoto mmoja tu, lakini fomu zinazofuata zinauita ukoo mzima usimame uhesabiwe. Zamani haikuwa hivyo.

Chuo chenyewe kilianza kama Royal Technical College, kikapokea wanafunzi wa kwanza Aprili 1956 pale karibu na barabara tunayoiita leo Harry Thuku. Aliyetaka shahada wakati huo alikwenda Makerere, au alisafiri mbali. Ndiyo maana ile ndege ya Tom Mboya ya mwaka 1959 iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuja huku Marekani, na nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na kikao cha chai, kuku aliyenadiwa na mzee aliyetoa shilingi zake za mwisho. Mwaka uliofuata akaja Wangari Maathai, aliyerudi baadaye kufundisha anatomia ya mifugo chuoni. Kwa hiyo kuchangia safari ya mwanafunzi ni desturi kongwe kuliko Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe, kilichosimama peke yake mwaka 1970.

Baada ya uhuru serikali ikauchukua mzigo karibu wote. Aliyeitwa alienda na sanduku. Karo ililipwa, chakula kililipwa, na mfukoni aliwekewa posho, ile maarufu kwa jina la boom. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa mikopo, lakini watu wa enzi hiyo wakikusimulia utadhani hakuna aliyewahi kukopa. Kulipa kulikuwa hadithi. Kaka yangu mkubwa alikuta jambo jingine. Kuanzia 1984 hadi 1990, kabla ya kuingia darasani, aliyeitwa chuo kikuu cha umma alipelekwa kwanza kwa mafunzo ya National Youth Service: kaki, kwata, na jembe. Ilikuwa miaka michache tu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na serikali ilitaka wasomi wajue kunyoosha mgongo. Hadi leo kaka hutandika kitanda kwa namna ambayo sarafu ikidondoka inaruka. Hatua yake ya kujiandaa kuingia chuo ilikuwa hiyo moja, na hakuna shangazi aliyeombwa kitu.

Mambo yaligeuka mwaka 1991 serikali ilipoanza kugawana gharama na wazazi. Mwaka 1995 sheria ikaunda HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mimi nikaingia chuoni miaka miwili baadaye. Hesabu ya enzi yangu naikumbuka kama jina langu: mwanafunzi alikadiriwa kugharimu shilingi 120,000 kwa mwaka, serikali ikakipa chuo 70,000, zilizobaki 50,000 zilikuwa zako. Mkopo ulifika 42,000 kwa juu kabisa, na aliyebahatika akapata basari ya 8,000. Fomu ilikuwa ya karatasi, ndefu, na ilitaka sahihi za watu. Chifu. Wakili au hakimu. Wadhamini wawili. Mama alinitafutia mdhamini kwa siku nne akipita Uthiru na Kinoo, kwa kuwa mwenye mshahara na asiye na hofu hapatikani kirahisi. Aliyekubali mwishowe alikuwa mwalimu mstaafu, rafiki wa kanisani, na alisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Sikumwelewa wakati ule. Nilidhani anaringa.

Upande wa nafasi nao una kisa chake. Kwa miaka mingi bodi ya pamoja ya vyuo, JAB, ilichukua wanafunzi kulingana na vitanda vilivyopo. Kitanda! Ungeweza kufaulu vizuri ukakosa nafasi kwa kukosekana kwa godoro. Vyuo vilipofungwa kwa migomo, foleni ilirefuka hadi watu wakakaa nyumbani karibu miaka miwili baada ya mtihani. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB ikaleta KUCCPS, na siku hizi mwenye C+ na kuendelea hupangiwa. Katika KCSE ya 2024 waliofikia alama hiyo walikuwa 246,391. Vitanda havikuzaana kwa kasi hiyo, na nitalirudia suala hili.

Sasa tufike kwenye kile kinachowasumbua kina mpwa wangu. Mei 2023 Rais Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili. Badala ya serikali kukipa chuo fungu kwa kila kichwa, mwanafunzi anajaza maelezo ya nyumbani kwao kwenye mtandao wa ufadhili uitwao HEF, kisha anawekwa kwenye daraja. Watu wote wanaliita bendi. Bendi ziko tano. Ya kwanza ni ya familia yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Ya tano ni ya kipato kinachopita 120,000: ufadhili 30, mkopo 30, na familia inabeba 40. Chukua kozi ya mfano yenye gharama ya 200,000 kwa mwaka. Wa bendi ya kwanza nyumbani kwao watatoa 10,000, wa bendi ya tano 80,000. Mtu na jirani yake, darasa moja, mhadhiri mmoja.

Hapo ndipo penye ugomvi. Mwaka 2024 wanafunzi walilalamika nchi nzima kwamba watoto wa vibarua wamejikuta bendi za wenye nazo, na Desemba 20 mwaka huo Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, mfumo ukaendelea. Kwa hiyo anayeingia leo ajaze, na asipokubaliana na bendi yake akate rufaa humohumo mtandaoni, mapema, akiwa na karatasi za kuthibitisha: barua ya chifu, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, muundo wa karo wa ndugu zake walio shuleni. Malalamiko ya mdomo kwenye korido hayana pa kuingizwa.

Kwetu sisi wa nje kuna mtego ambao haujadiliwi sana. Fomu inauliza mtoto alisoma shule gani na nani alimlipia. Mpwa wangu alisoma sekondari ya kulipia kidogo, karo ikitoka huku, kwa zamu zangu za usiku katika nyumba ya wazee. Kwenye karatasi, hiyo inaonekana kama neema ya Kangemi. Kaka alitaka kuruka kipengele hicho. Nilimwambia ajaze ukweli na aeleze kwamba ni msaada wa jamaa, kwa sababu taarifa za uongo zikigunduliwa ni binti anayeumia, tena ni binti anayekwenda kusomea sheria.

Hizi ofisi ziko karibu kuliko watu wanavyodhani. HELB iko Anniversary Towers, University Way, jengo ambalo wengi walilijua kwa sababu ya tume ya uchaguzi. Ukitoka mlangoni unaiona kampasi kuu ng'ambo ya barabara. KUCCPS iko ACK Garden House, First Ngong Avenue, ukipanda kuelekea Community. Huduma Centre ya GPO iko Kenyatta Avenue. Kwa miguu, asubuhi moja inatosha kuzizunguka zote. Lakini kazi kubwa inafanyika mtandaoni, na foleni ya ofisini ni kwa ajili ya yaliyokwama. La kwanza ni kitambulisho. Aliyefikisha miaka 18 akaahirisha kwenda kukiomba ataona mambo yote yakisimama nyuma ya kadi hiyo moja.

Kuhusu pesa sina maneno mengi. Karo inalipwa kwa njia rasmi ya chuo, kwa nambari ya usajili ya mwanafunzi. Simu ya mtu binafsi, hata akiwa na kitambulisho shingoni na sauti ya upole, usiitumie hata mia. Msimu wa kusajili ndio msimu wa mabroka wa vyumba, na wanaijua sauti ya mzazi mgeni wa jiji.

Na vyumba ndio mjadala mrefu kuliko yote, kwa sababu Chuo Kikuu cha Nairobi si mahali pamoja. Sheria iko Parklands. Sayansi ziko Chiromo, chini ya Museum Hill. Biashara iko Lower Kabete, mifugo na kilimo Upper Kabete, jirani na Kangemi na Uthiru, na ualimu uko Kikuyu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji. Kila mwaka mzazi wa kutoka mbali hupangisha chumba Ngara kwa kusoma neno "Nairobi" kwenye barua, kisha mtoto anagundua madarasa yako Kikuyu na anaanza kupanda matatu ya 105 alfajiri na jioni. Soma barua hadi jina la kampasi ndipo utafute paa.

Hosteli za chuo ni nafuu kuliko kitu chochote cha binafsi, ndiyo maana zinaisha. Waliokosa hulala kwa wenzao kimagendo, mtindo tuliouita kupirate: wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa mashariki, mwingine magharibi. Nilipirate muhula mzima na sijutii, ila mgongo wangu una maoni yake.

Kwa mpwa wangu swali lilikuwa jingine: kutoka Kangemi unapanda matatu ya 23 hadi Westlands, ukatembea kidogo ukafika Parklands. Kaka akasema alale nyumbani, kwa nini kulipia kitanda? Wifi akauliza atasomea wapi na wadogo zake watatu wanaolala sebuleni. Nikiwa mbali nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilisema mwaka wa kwanza akae hosteli hata kama ni kwa msaada wangu, kwa maana msichana wa kwanza nyumbani akirudi kila jioni atarudi jikoni. Kaka alikata simu, akanipigia tena baada ya dakika kumi.

Walio na watoto waliosomea huku na wanaotaka kuwarudisha Nairobi, njia yenu ni tofauti. KUCCPS inapanga kwa matokeo ya KCSE. Mtoto wenu ataomba chuoni moja kwa moja na kujilipia, baada ya vyeti vyake kulinganishwa na baraza la mitihani, KNEC. Anzeni hilo mapema.

Nikarudi kwenye ID niliyoombwa kama mdhamini. Kabla ya kuituma niliingia kwenye akaunti yangu mwenyewe ya HELB, niliyoikwepa kwa miaka. Sheria inataka uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Nililipa wangu wote mwaka 2011, kwa awamu tatu, na sababu haikuwa uadilifu. Yule mwalimu mstaafu alikuwa amempigia mama simu akauliza kwa adabu kama niko salama huko niliko, maana amepata barua yenye jina langu.

Nilituma picha mbili, mbele na nyuma, na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu "kwa ajili ya HELB tu". Binti akajibu kwa sauti, na nyuma yake makanga wanaita Westlands, Westlands tao. Anauliza kama godoro la inchi sita litaingia ndani ya matatu ya 23 au itabidi alipie viti viwili.