Uvungu Ndani ya Kitu Kigumu

Mnunuzi wa nazi huitikisa karibu na sikio ili ajue kama ndani mna maji, kwani kifuu hakimwelezi lolote. Mhandisi anayechora kifaa kwa kompyuta hukabiliwa na tatizo la namna hiyo, ila yeye hana cha kutikisa.

Tangu miaka ya 1970 njia mbili kuu zimetumika kuielezea kompyuta maumbo ya vitu vigumu. Ya kwanza, iliyokuzwa na Herbert Voelcker na Aristides Requicha katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, huunda umbo kwa kujumlisha na kutoa maumbo sahili kama mchemraba na tufe. Hapo uvungu si taabu: tufe dogo hutolewa katika mchemraba mkubwa, na kazi imekwisha. Njia ya pili, ambayo Ian Braid aliifanyia utafiti huko Cambridge, Uingereza, huhifadhi mipaka ya kitu tu, yaani nyuso, kingo na vipeo. Programu nyingi za leo hutegemea njia hii ya pili, na humo ndimo uvungu unamoleta utata.

Wanafunzi wa hisabati huijua kanuni ya Leonhard Euler: idadi ya vipeo, ukitoa kingo, ukajumlisha nyuso, ni 2. Kwa mchemraba, 8 – 12 + 6 = 2. Sasa tuseme ndani yake mna uvungu wenye umbo la mchemraba mdogo usiogusa nyuso za nje. Vipeo huwa 16, kingo 24 na nyuso 12. Jibu ni 4. Jambo hili lilijulikana kabla ya kompyuta. Simon Lhuilier, Mswisi, alilitaja mwaka 1813, na Johann Hessel, Mjerumani, mwaka 1832, wote wawili wakiwa wameona fuwele za madini zilizofungiwa ndani ya fuwele nyingine zipitishazo mwanga. Inapendeza kwamba mawe ndiyo yaliyowasahihisha wanahisabati. Siku hizi programu huhesabu pia magamba: umbo lisilo na tundu la kupenya hupewa 2 kwa kila gamba, la nje na la ndani.

Lakini hesabu hiyo haitoshi. Kompyuta hulipa kila uso mshale unaoelekea nje ya mata. Katika gamba la ndani, basi, mshale huelekea ndani ya uvungu, na mshale huo ndio unaoamua kama mjao wa gamba utajumlishwa au utatolewa. Chukua mchemraba wa alumini wenye upande wa sentimita 10 na uvungu wa sentimita 6. Mjao wake ni 1000 – 216, yaani sentimita za ujazo 784, na uzito ni kama kilo 2.12. Mishale ya ndani ikigeuzwa, kompyuta hujumlisha: 1216, kilo 3.28. Pande lisilo na uvungu lingekuwa na kilo 2.7 tu! Katika kioo cha kompyuta picha hizo mbili zaweza kufanana kabisa, na mchoraji asiyekagua uzito atapeleka kiwandani kitu kisichowezekana.

Mashine zinazojenga vitu tabaka kwa tabaka zimelifanya suala hili kuwa zito zaidi. Katika zile zinazoyeyusha unga wa metali kwa leza, unga usioyeyushwa hubaki umenaswa ndani ya uvungu uliofungwa, hata kama mchoro ni sahihi. Kwa hiyo wasanifu hutoboa tundu. Tundu moja huyaunganisha magamba mawili yakawa moja, na kwa kompyuta uvungu haupo tena. Limebaki shimo lenye mdomo mwembamba, kama la mtungi. Mara nyingi hutobolewa mawili, hewa iingie kwa moja na unga utoke kwa jingine. Hapo kitu kizima huwa cha jamii ya pete, na katika hesabu ya Euler 2 hugeuka 0.